Kidole Kilichokunjwa

Bwawa la Ambohisoa lilikuwa safi kupita kiasi, na hilo ndilo lililomtisha Inspekta Voahangy. Aliteremsha majini ile sahani nyeupe yenye kamba aliyopimia maji Lalaina, mtunza bwawa, kila asubuhi. Bwawa lenye uhai huwa na ukijani. Sahani hupotea kabla haijafika mbali. Hii ilishuka hadi matopeni, na bado ilionekana, inamkodolea macho.

Samaki wote walikufa siku tisa zilizopita. Siku hiyohiyo Lalaina akatoweka. Kijiji kilikuwa kimeshakata shauri. Wengine walisema binti wa majini kamchukua, wengine kwamba alizembea, akaona haya, akatoroka.

Mama yake, Bi Bakoly, hakukubali lolote kati ya hayo. Alisema kila akifumba macho anasikia mtu akipigapiga maji kwa kiganja, vile mwanawe alivyowaita samaki wake waje kula.

"Nitafutie hata mfupa, mwanangu," alimwambia Voahangy. "Nafasi yake kwenye kaburi la ukoo ipo. Asilale nje peke yake."

Voahangy alikuwa mtu wa hukohuko, na maneno yale yalimchoma. Asiyeingia kaburi la ukoo hana kwao tena, hata huko aendako.

Aliwauliza waliookota samaki ni wepi walioanza kuelea. Wakamjibu, vifaranga. Basi si kukosa hewa, maana hewa ikipungua majini wakubwa ndio hutangulia. Hii ilikuwa sumu, iliyoua hata ukijani. Na juu ya mfereji ulioleta maji palikuwa na shamba moja tu, la karoti, mali ya Njaka, mtoto wa mdogo wake Bi Bakoly.

Njaka alikuja na heshima zake zote, kofia mkononi. Alimwonyesha inspekta shamba lake, mfereji, na ukingo wa bwawa ng'ambo, ambao yeye mwenyewe alijitolea kuukarabati wiki iliyopita.

"Dawa ya magugu unapuliza?"

"Nani hapulizi, afande?"

"Bomba unaliosha wapi?"

"Nyumbani."

"Lalaina ulimwona wapi mara ya mwisho?"

"Alikaa pale, anapima maji yake. Akaniaga, akashika njia ya mjini."

Voahangy hakuangalia pale ukingoni alipoelekezwa. Aliangalia mkono. Shamba na mfereji Njaka alivinyooshea kidole kama mtu yeyote. Ukingo aliuelekezea kidole kilichokunjwa, bila mwenyewe kujua.

Kaburi halinyooshewi kidole, huelekezewa kilichokunjwa. Mtoto wa nyanda zile huchapwa kwa hilo kabla hajajua kuhesabu. Lakini pale ukingoni hapakuwa na kaburi la mtu.

"Mbona umekunja kidole, kaka?"

Njaka aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akakaa chini kwenye majani.

Makonstebo wawili walichimba pale ukingoni. Haikuchukua muda shati likaonekana. Daktari wa polisi alikuta fuvu limepasuka kisogoni, jeraha la kitu bapa, kizito.

"Niliosha bomba mferejini, mara moja tu," alisema Njaka. "Asubuhi akaniita, samaki wanaelea. Akasema atanitaja mbele ya ukoo. Nilimwomba sana, afande. Wangenikataa. Wangenitoa kaburini."

"Ukampiga na nini?"

"Koleo. Alikuwa kanipa mgongo, anateremsha sahani."

"Uliogopa kunyimwa kaburi," alisema Voahangy polepole, "ukamnyima yeye."

Walipomfunga pingu, Njaka aligeuka kumtafuta Bi Bakoly. Mama yule alikuwa amepiga magoti, anafuta matope kwenye nywele za mwanawe kwa ncha ya shuka lake.

"Mama mkubwa, nikifia huko ndani, mtanifungulia kaburi?"

Bi Bakoly hakuinua uso.

"Sijui," alisema. "Nenda ukakae na kutojua. Mimi nimekaa nako siku tisa."