Ovahoo ya Trekta la Shemeji

Enzi za shemeji yangu, mume wa dada, trekta lake la dizeli liliamka kabla ya jogoo. Lilinguruma mpaka kuku wa mtaa wa pili wakataga bila kupenda. Anayebisha akawaulize kuku. Kila jioni shemeji alijifungia nalo bandani, akiimba na kugongagonga.

Alipofariki, dada yangu aliendelea kuwalimia watu mashamba kwa trekta lile. Ndiyo riziki yake. Lakini mwaka huu lilianza kutoa moshi wa bluu. Lilikunywa oili kama mgeni asiyeona haya. Jembe likalishinda.

"Mama, tuliuze chuma chakavu," alisema mwanawe. "Fundi wa pale kona anataka hela nyingi za ovahoo, eti injini ifunguliwe yote na kufanywa upya."

"Na mvua hizo zinakuja. Nitalima kwa meno?"

"Meno yapi, dada?" nikadakia. "Yamebaki mawili, na yamenuniana."

"Kaka, nyamaza. Kamwite Mama Spana."

Mama Spana ni fundi wa injini. Zamani alifanya kazi na shemeji. Alipofika, aliuliza, "Fundi wa kona atawafanyia ovahoo ipi?"

Tukatazamana. "Kwani ziko ngapi?" dada akauliza.

"Neno moja, kazi nyingi. Mwingine anabadilisha ringi tu. Mwingine anachonga kila kitu upya kwa mashine. Nyie mmepewa bei ya neno. Ulizeni bei ya kazi: vipuri mbali, kuchonga mbali, ufundi mbali."

Akafungua injini. Akapima kila kitu kabla ya kutaja bei.

"Ringi ni hizi pete za pistoni. Zinazuia oili isipande ikaungua. Zimelika, na silinda zimelika pia. Ukiweka ringi mpya peke yake, moshi utarudi. Lakini krenki, huu mhimili mkubwa, ni mzima. Kwa hela alizotaka, fundi wa kona alihesabu na kuuchonga bila kuuona."

"Basi niende dukani," alisema kijana. "Nitawaambia ni lile trekta jekundu."

"Watakuuzia rangi, mwanangu. Andika namba iliyogongwa kwenye injini."

Kisha akafungua bakuli la chujio la hewa, lenye oili ya kunasa vumbi. Ndani oili ilikuwa imegeuka tope.

"Vumbi limepita hapa, likasaga silinda. Nani alikuwa analisafisha?"

Dada alikaa juu ya ndoo. "Marehemu," akasema polepole. "Kila jioni. Mimi nilidhani anakimbia kelele zangu."



Gharama haikuwa ndogo. Dada alitoa akiba yake yote. Hata hivyo gharama hiyo ilikuwa chini sana ya bei ya fundi wa kona. Mama Spana akaweka silinda na ringi mpya, akafunga injini, akawaonya waanze na kazi nyepesi na wabadilishe oili mapema. Tangu hapo dada husafisha chujio mwenyewe.

Mvua zilipoanza, alipanda trekta. Liliwaka bila moshi wa bluu, likavuta jembe. Ila mstari wa kwanza ulikwenda upogo.

"Mama, shuka niunyooshe," kijana akasema.

"Uache. Baba yako naye wa kwanza aliupinda hivihivi."

"Usukani ulikuwa mbovu?"

"Usukani ulikuwa mzima," dada akajibu. "Alikuwa ananitazama mimi."