Kompyuta ya Kinyozi Yaenda Darasani

Asubuhi nyumbani kwa Kinyozi huanza kwa kutafuta kiatu. Watoto wake pacha wana viatu vinne, lakini kila asubuhi huonekana vitatu tu. Mkewe, Mama Pacha, huinama kuchungulia chini ya kitanda, tayari amevaa sare ya kazi. Yeye hufua mashuka hospitalini. Akichelewa, msimamizi hununa kutwa nzima.

"Baba Pacha, usisahau somo langu," alisema siku moja akiwa mlangoni.

"Nitasahau vipi? Redio iko mbele ya macho yangu."

"Macho hayasikii. Mimi nataka masikio."

Somo lenyewe lilikuwa la sayansi, na lilitangazwa redioni kila siku ya kazi, saa nne asubuhi. Hospitali ilikuwa imeahidi kwamba mfuaji atakayeshinda wenzake katika mtihani wa masomo hayo atahamia wodini, awe msaidizi wa wauguzi. Nafasi ilikuwa moja. Mama Pacha aliitaka sana. Mikono yake ilikuwa imechoshwa na sabuni. Tena wagonjwa aliwajua kwa mashuka yao tu, na yeye alitaka kuwajua kwa sura.

Lakini saa nne yeye huwa kazini. Mashine zinanguruma, na simu haziruhusiwi. Basi wakakubaliana kwamba Kinyozi asikilize dukani kwake, kisha jioni amsimulie.

Wewe umewahi kukaa katika duka la kinyozi? Pale kila mtu ni daktari, na kila mtu ni refa. Mwalimu wa redioni akisema neno moja, wateja wanasema kumi. Siku ya somo la moyo, mwalimu alieleza vyumba vya moyo. Mteja mmoja aitwaye Mzee Ubishi akadakia, povu likiwa shavuni.

"Moyo wangu mimi una vyumba viwili na sebule!"

Duka zima likaangua kicheko. Kinyozi naye alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Jioni alipoulizwa habari za somo, kichwani alikuwa na sebule tu. Akaisema. Mama Pacha aliona ajabu kidogo, lakini alidhani huenda madaktari ndivyo wanavyosema.

Wiki iliyofuata wafuaji walipewa jaribio. Msimamizi alisoma jibu la Mama Pacha kwa sauti.

"Viwili na sebule! Mama, moyo huu unapangishwa bei gani?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alifika nyumbani akaketi kitandani na sare yake, akalia.

"Hili lilikuwa jaribio tu," alimwambia mumewe. "Mtihani wenyewe unakuja. Nikishindwa, nafasi anapewa mwingine. Mimi nitafua mpaka nizeeke."

Kinyozi aliona aibu. Chakula kilimshinda.

Wakati huohuo jirani yao alibisha hodi, amekuja kurudisha beseni. Jirani huyu hutengeneza redio, simu na kompyuta, na mtaani wanamwita Dada Waya. Alipoona nyuso zao, aliweka beseni chini na kuuliza kulikoni. Wakamweleza.

"Shemeji," alimwambia Kinyozi, "ile kompyuta ya dukani kwako inafanya kazi gani?"

"Inapiga muziki."

"Basi dawa mnayo ndani, na nyinyi mnahangaika nje. Kompyuta inaweza kusikiliza somo na kulihifadhi."

"Bila mtu?" aliuliza Mama Pacha, akifuta machozi.

"Bila mtu. Mtu huiagiza mara moja tu."

Kesho yake, kabla ya wateja kufika, Dada Waya aliweka kwenye kompyuta programu ya kurekodi redio. Programu ni maelekezo yanayoiambia kompyuta la kufanya. Kisha alichukua waya mwembamba. Upande mmoja akauchomeka kwenye redio, penye tundu la hedifoni. Upande wa pili akauchomeka kwenye kompyuta, penye tundu la kuingizia sauti.

"Sauti itapita humu," alisema. "Sasa tunaandika ratiba. Somo linaanza saa ngapi?"

"Saa nne kamili," alisema Kinyozi.

"Basi sisi tuanze kurekodi mapema kidogo, na tumalize kwa kuchelewa kidogo. Redio nazo huwahi na kuchelewa kama sisi. Tunachagua Jumatatu hadi Ijumaa. Tunahakikisha saa ya kompyuta ni sahihi, maana ikikosea saa, itarekodi matangazo ya biashara. Na tunaizuia isijizime yenyewe ikikaa bila kuguswa."

"Na umeme ukikatika?"

"Hii ina betri, na redio yako inatumia mawe ya betri. Wewe ichaji kompyuta usiku tu."

Dada Waya akaenda zake. Ilipokaribia saa nne, Kinyozi alisimama katikati ya duka.

"Nyamazeni wote! Kompyuta inarekodi!"

Wateja wakanyamaza. Aliyetaka kukohoa alitoka nje. Hata Mzee Ubishi alifunga mdomo, jambo lililokuwa halijawahi kutokea. Zilisikika sauti za mikasi tu. Lakini redio nayo ilikuwa kimya. Kinyozi aliitazama, akaitikisa, akaona ule waya.

"Kumbe waya huu ndio unaoiziba!" alisema, akauchomoa kwenye redio. Mwalimu akasikika vizuri sana. Kinyozi akatabasamu.

Jioni Kinyozi alirudi nyumbani na kompyuta, redio na ule waya, na Mama Pacha akafungua rekodi. Hakukuwa na sauti hata moja. Kinyozi akakimbia kumwita jirani.

Dada Waya aliposikia yaliyotokea, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, kompyuta haisikii wateja wako. Hata wakiimba, inapokea kinachopita kwenye waya tu. Ukichomeka waya, spika ya redio hunyamaza, ndivyo ilivyo. Ukiuchomoa, kompyuta inabaki mikono mitupu."

"Na somo la leo limepotea?" Mama Pacha aliuliza kwa hofu.

"Halijapotea. Jumamosi redioni kuna marudio ya masomo. Tutayaongeza kwenye ratiba. Lakini mara hii tujaribu kwanza. Kosa letu ni kwamba hatukujaribu."

Walirekodi taarifa ya habari kidogo, wakaisikiliza. Sauti ilikuwa safi. Mama Pacha alishusha pumzi ndefu. Dada Waya akamwonyesha namna ya kuita kila rekodi kwa jina la somo na tarehe.

"Hizi ni za kujisomea," aliongeza. "Ukitaka kuziuza au kuzisambaza, omba ruhusa kituoni kwanza."

Tangu siku hiyo, Kinyozi alirudi na kompyuta kila jioni. Mama Pacha alivaa hedifoni huku akiosha vyombo. Asipoelewa, alimsimamisha mwalimu, akamrudisha nyuma. Mwalimu hakununa. Somo la moyo alilisikiliza mpaka akaweza kuchora vyumba vyote vinne, na mlango wa kila kimoja.

Siku ya matokeo hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja dukani.

"Nimefaulu! Jumatatu naanza wodini!"

Kinyozi alimkumbatia, mkasi bado mkononi.

"Hongera, mwanangu," alisema Mzee Ubishi. "Ila ile sebule..."

"Mzee wangu, sebule haipo."

Walicheka wote, na safari hii Mama Pacha alicheka kuliko wote.

Usiku alipotaka kufuta rekodi ili kupata nafasi ya muziki, mumewe alimshika mkono.

"Usifute. Nataka kuanza na somo la kwanza."

"Wewe?"

"Mimi. Redio imekuwa mbele yangu siku zote hizi, na sikusikia kitu."

Kinyozi akavaa hedifoni, akavuta kiti karibu na kompyuta. Pacha walikuwa wanagombania kiatu.

"Nyamazeni," mama yao aliwaambia. "Baba yenu yuko darasani."