Wa Nyuma Kabisa, Upo?

Wapenzi wa ile tamthilia ya zamani ya wapima ramani wakikutana, lazima wabishane kuhusu sehemu ya pango. Wengi wanaiponda. Hakuna kufukuzana, hakuna daraja linalokatika, hakuna hata risasi moja. Ni watu wanne tu waliofungwa kamba moja, wanatembea gizani na taa zao za mkononi. Mimi nasema ndiyo sehemu bora kuliko zote, na asiyetaka asiangalie.

Mpima Mkuu, mwanamke mrefu mwenye kovu shavuni, ndiye anayeongoza. Taa zinazimika. Anawaita wenzake mmoja mmoja bila kugeuka. "Mpishi, upo?" Mpishi anaitika, nipo. "Tabibu, upo?" Tabibu anaitika, nipo. "Wa nyuma kabisa, upo?" Kimya. Mpima Mkuu anaivuta kamba, nayo inakuja yote, nyepesi, haina mtu. Hageuki. Inaishia hapo.

Sauti ya Mpima Mkuu kwa Kiswahili ilikuwa ya dada yangu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kuingiza sauti kwenye michezo ya kigeni, katika chumba kilichotundikwa magodoro kwenye kuta. Kila mmoja alirekodi peke yake. Ukisema maneno yako unanyamaza kiasi cha jibu la mwenzako, kisha unaendelea. Majibu huchomekwa baadaye na watu wa mitambo. Dada alikuwa akija nyumbani na kanda ya kazi, yenye picha nzima na sauti yake peke yake. Wengine wote walichezesha midomo tu kama samaki.

Basi sisi nyumbani tukawa tunawajibia. Mimi nilikuwa Mpishi. Mama yangu alikuwa Tabibu, na aliigiza mpaka kikohozi chake. Dada alicheka hadi akajishika mbavu. Kwenye lile pengo la mwisho tulinyamaza sote, maana hata kwenye mchezo hakuna anayejibu. Hatukuwahi kukubaliana hivyo, ilikuwa inajulikana tu.

Dada akaugua, akafariki. Tukazika, watu wakatawanyika, tukabaki mimi, mama yangu, na mpwa wangu, binti pekee wa dada, aliyekuwa darasa la pili. Mtoto hakulia. Alikula alichopewa, akalala alipoambiwa. Mama alisema afadhali angevunja vyombo, tungejua moja. Mimi nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona sare za shule, na sikuhisi kitu isipokuwa uchovu.

Jumapili moja mchana, nguo zimeanikwa uani na mama amejinyoosha chumbani, mpwa wangu alinijia na kanda ya pango.

"Mjomba, tumsikilize mama," alisema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuomba kitu tangu msiba. Ningemkataliaje? Nikawasha televisheni na deki ya kanda.

Sauti ya dada ikajaa sebuleni. Nilidhani nitaumia, sikuumia. Niliangalia kama mtu anayetazama mvua dirishani. Zamu yangu ikafika. "Mpishi, upo?" Nikasema nipo. "Tabibu, upo?" Mpwa wangu akakohoa vilevile anavyokohoa bibi yake, akasema nipo. Hata nikatabasamu.

"Wa nyuma kabisa, upo?"

"Nipo, mama," alisema mpwa wangu.

Mpima Mkuu akageuka.

Sehemu hiyo nimeiangalia mara nyingi kuliko nilivyovaa shati hili, na ninakwambia huwa hageuki. Aligeuka. Akatazama nje ya kioo, chini kidogo, pale pale mtoto alipokaa. Midomo ikafunguka, na sauti ilikuwa ya dada yangu, ile aliyomwamshia mwanawe asubuhi, si ile ya kazini.

"Basi njoo. Usiachie kamba."

Mtoto akasimama. Nikachomoa waya ukutani. Kioo kikazima. Alibaki vivyo hivyo, mikono mbele, ngumi zimefumbwa kana kwamba ameshika kitu. Nikamgusa. Alikuwa wa baridi.

Hakula siku ile, wala iliyofuata. Daktari alimpima akasema haoni ugonjwa. Baridi ikazidi. Kila tulipomlaza chumbani tulimkuta sebuleni, mbele ya televisheni iliyozimwa, nyayo zake zina tope jeupe. Nyumba yetu na uani kwetu ni saruji tupu.

Nikamsimulia mama yote, akanivutia jikoni.

"Ulimwacha aitike?" alinong'ona.

"Niliwahi wapi, mama? Nilisikia ameshaitika."

"Basi ameanza safari."

"Lakini ni dada yule. Dada hawezi kumdhuru mwanawe."

Mama alinitazama sana. "Nani kakwambia anamdhuru? Anamtaka."

Nilisema niichome kanda. Akanikamata mkono. Akasema mtoto ameshafika katikati, nikikata sasa hatakuwa kwetu wala kwa mama yake. Tukasimama pale, sufuria inachemka, hakuna aliyeipunguzia moto. Kisha nikamwambia ninachotaka kufanya. Hakunikataza. Alilia kidogo, akajifuta, akaenda kumpakata mjukuu wake chumbani na kufunga mlango.

Ilikuwa mchana mweupe. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira nje. Nikachomeka waya, nikairudisha kanda mpaka mwanzo wa pango, nikakaa chini, pale pale alipokaa mtoto.

"Mpishi, upo?"

Nikanyamaza.

"Tabibu, upo?"

Nikanyamaza. Chumbani, kucha zikaanza kukwaruza mlango. Nikamsikia mama anasema, tulia, tulia mwanangu.

"Wa nyuma kabisa, upo?"

Nikawahi.

"Nipo, dada. Ni mimi. Mwachie mtoto. Kamba nimeshika mimi."

Akageuka. Akaniangalia. Nilimkumbuka sana wakati ule, nikatamani aniite jina langu. Hakuniita. Kitu kikanikaza kiunoni. Picha ikakatika.

Chumbani mtoto alikuwa analia. Analia kwelikweli, kamasi na kila kitu, anamwita mama yake, anasema mama amekufa, mama amekufa. Bibi yake naye analia huku anacheka. Halafu mtoto akaomba chai. Nilisimama mlangoni nikajua kwamba nimefurahi, kama unavyojua kwamba leo ni Jumatatu.

Kanda imenasa ndani ya deki, haitoki. Televisheni tumeigeuzia ukutani. Wapenzi wa ile tamthilia wakibishana siku hizi nawasikiliza tu, sichangii.

Juzi sindano ya cherehani ilinipitia kidoleni, nikajua nilipoona damu kwenye kitambaa. Chai naimeza bila kuipuliza. Fundi mwenzangu alipokuwa ananipima suruali alinipandisha shati, akashtuka.

"Nani kakufunga kamba?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi, na mgongo wote huu umechubuka?"

Nilijitazama kwenye kioo cha wateja. Tumboni hakuna kitu. Ni mgongoni tu, mstari mwekundu unaokatiza kiunoni, unanuka unyevu. Anayechubuka hivyo ni yule aliyefungwa, halafu akavutwa kwenda mbele.

Mpwa wangu hajambo. Anakula, anacheza, anapigana na watoto wa jirani na kushinda. Ila kila mchana nikikaa kwenye cherehani huja akakaa nyuma yangu, akalishika shati langu kwa mikono miwili. Jana vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka, nikamwambia aachie, aende akacheze na wenzake.

Akatikisa kichwa.

"Siwezi, mjomba," alinong'ona. "Mama anavuta sana."