Kipande Kilichokuwa Kiangukie Ikoma

Siku za Jumamosi Rhobi hakuhitaji kuamshwa. Kabla mama yake hajawasha moto, alikuwa ameshateka ndoo mbili za maji, amefagia uwanja na kuwafunga mbuzi nyuma ya ghala la mtama. Mama yake alimtazama akacheka.

"Laiti hiyo Mirihi yenu ingeonyeshwa kila siku," alisema, "nyumba yangu ingekuwa safi mwaka mzima."

Mirihi yenyewe ilikuwa tamthilia mpya ya televisheni, na mtaa wao pale Nyambureti haukuwa na habari nyingine. Ilihusu watu sita waliopelekwa kuishi kambini kwenye sayari ya Mirihi, mbali kupita mwezi. Majirani waliitazama saa kumi alasiri nyumbani kwa Mwalimu Honoratha, ambaye alikuwa na televisheni, dishi na sola yenye nguvu. Mwalimu alitoka Bukoba, akahamishiwa pale kufundisha Kiingereza. Kwa kuwa tamthilia ilikuwa ya Kiingereza, yeye ndiye aliyewatafsiria watu, sentensi kwa sentensi, mpaka sauti inakauka.

Kila mtu aliipokea kwa namna yake. Zablon, aliyesoma darasa la sita pamoja na Rhobi, alinung'unika tangu siku ya kwanza. "Sinema gani ya anga haina vita? Hata bunduki moja hakuna!"

Mzee Heche, mfugaji mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno, aliipenda kwa sababu hiyohiyo. "Tulia, mura, kijana wangu," alimwambia. "Watu wa sinema hawaoshi masufuria. Hawa wanaosha. Wanagombania maji, pampu inaharibika, wanaitengeneza, inaharibika tena. Haya ni mambo ya kweli."

Aliyeguswa kuliko wote alikuwa Mama Emanuel. Mmoja wa wale sita alikuwa mwanamke aliyemwacha mtoto duniani. Kila alipomtumia mwanawe neno, ilibidi asubiri dakika ishirini sauti ifike, na ishirini nyingine jibu lirudi. Mama Emanuel alijifuta machozi kwa kanga, kisha akajitania mwenyewe.

"Afadhali huyo wa dakika ishirini. Mimi wangu yuko hapo Ikoma tu, na salamu zake zinachukua wiki mbili."

Emanuel alikuwa mwanawe wa pekee. Baada ya kuhangaika muda mrefu, alikuwa amepata kazi katika hoteli ya watalii karibu na geti la Ikoma, la kuingilia mbugani. Alikuwa bado kwenye miezi mitatu ya majaribio, na mama yake alihesabu siku zilizobaki.

Jumamosi ya tatu Mwalimu Honoratha aliitwa Mugumu kwenye semina ya walimu. Kabla ya kuondoka alimwita Rhobi, mwanafunzi wake bora wa Kiingereza, akamkabidhi ufunguo wa sebule.

"Leo utatafsiri wewe," alisema. "Unachokielewa, waambie. Usichokielewa, sema tu kwamba hapo hujaelewa. Sawa?"

"Sawa, Mwalimu," Rhobi alijibu, na moyo ulimdunda kwa furaha.

Alasiri ile aliketi kwenye kiti cha Mwalimu, pembeni ya televisheni. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri sana. Wale watu wa Mirihi walizungumza polepole kuhusu chakula kilichokuwa kinaisha, naye akatafsiri bila kusita. Mzee Heche alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu mtoto ni mwalimu kabisa," alisema, na Rhobi akajiona amekuwa mrefu.

Ghafla picha ikabadilika. Akatokea mtangazaji wa habari aliyevaa tai, naye alizungumza kama mtu anayekimbizwa. Rhobi alinasa maneno matatu tu: kipande, kuanguka, Ijumaa. Mengine yote yalimpita. Macho yote yakamgeukia.

"Kasemaje?" aliuliza Mzee Heche.

Hapo ndipo alipotakiwa kusema kwamba hajaelewa. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini alimsikia Zablon akinong'ona, "Amekwama," akaona aibu.

"Anasema chombo kilichokuwa kinawapelekea chakula kimevunjika," alianza. "Kipande chake kitaanguka duniani. Siku ya Ijumaa."

"Kitaanguka wapi?"

Rhobi hakujua. "Huku kwetu," alisema. "Mbugani. Upande wa Ikoma."

Alidhani yameishia hapo. Ilikuwa tamthilia, na kesho yake watu wangezungumzia mambo mengine. Hakufikiria jambo moja: tangu mwanzo watu wale walikuwa wakiitazama kwa sababu waliyaona ni mambo ya kweli, na sasa wameletewa mtangazaji mwenye tai.

Jumapili baada ya ibada habari ilikuwa imeshapita nyumba zote. Jumatatu Mzee Heche aliwaalika wazee wenzake kwenye ritongo, mkutano wao wa jadi, wajadili kama mifugo iliyokuwa ikichungwa upande wa Ikoma irudishwe. Rhobi aliposikia, aliacha chakula sahanini. Bado alijiambia kwamba Ijumaa itapita, hakuna kitakachoanguka, na watu watacheka.

Jumanne alipotoka shuleni alimkuta Mama Emanuel akishuka kutoka kilimani, mahali pekee ambapo simu hushika mtandao. Uso wake ulikuwa umetulia, tofauti na siku mbili zilizopita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki kwa kututafsiria. Nimempata Emanuel. Alhamisi asubuhi anapanda pikipiki anarudi nyumbani."

"Wamempa ruhusa kazini?"

"Wamemkatalia. Wamemwambia akiondoka asirudi." Alishusha sauti. "Nimemwambia naumwa sana, siwezi hata kuinuka kitandani. Ningefanyaje? Kazi hutafutwa nyingine. Mwana sina mwingine."

Rhobi alibaki amesimama njiani na daftari zake. Aliona haya, na aliogopa. Kazi ile ilikuwa imeombewa kanisani, kaka wa watu aliingoja kwa miaka, na sasa ilikuwa inapotea kwa sababu yeye hakutaka kuchekwa na Zablon. Alitamani kukimbia. Akamkimbilia Mama Emanuel badala yake.

"Mama, subiri! Hakuna kitu kitakachoanguka Ikoma. Nilidanganya. Sikuelewa yule mtu alisema nini, nikatunga."

Mama Emanuel alimshika bega kwa upole.

"Nani amekukataza kusema, mwanangu? Wakubwa hawataki watu waingiwe na hofu, eeh? Usiogope. Mimi nimeshaelewa." Akaenda zake.

Rhobi alipigwa na butwaa. Uongo aliousema mara moja uliaminiwa na mtaa mzima, na ukweli haukuaminiwa hata na mtu mmoja. Alilia palepale barabarani, wala hakujali nani anamwona.

Jioni ile Mwalimu Honoratha alirudi kutoka Mugumu. Hakuwa amefungua hata begi alipobishiwa hodi. Rhobi alimweleza yote bila kuficha, hata kunong'ona kwa Zablon. Mwalimu hakumkaripia. Alichukua ratiba ya vipindi, akaipitia kwa kidole.

"Marudio ni kesho saa kumi," alisema. "Nenda kawaite wote waje. Nawe utakaa kwenye kiti kilekile."

"Mwalimu, kwa nini usitafsiri wewe?"

"Kwa sababu mimi sikuwaambia lolote kuhusu Ikoma. Wewe ndiye uliyewaambia."

Jumatano sebule ilijaa mpaka mlangoni. Rhobi alikaa kwenye kiti, Mwalimu akakaa kwenye mkeka kando yake. Mtangazaji mwenye tai alipotokea, Rhobi alisimama.

"Hapa," alisema, "Jumamosi sikuelewa. Nilisikia maneno matatu tu. Mambo ya Ikoma niliyatunga mwenyewe, kwa sababu niliogopa mtaniona sijui Kiingereza. Naombeni mnisamehe."

Minong'ono ilianza. Mwalimu Honoratha alinyanyua mkono. "Anachosema huyo mtu ni kwamba kipande kitaanguka baharini, mbali sana na Afrika, na hakitamdhuru mtu. Na huyo si mtangazaji. Ni mwigizaji, kama wale wengine."

"Tutajuaje na wewe hukukatazwa?" aliuliza Mama Emanuel.

Mwalimu alichukua rimoti, akaisimamisha picha, maana king'amuzi chake kiliweza hivyo. "Mzee Heche, macho yako ni mazima. Naomba utusomee namba zilizo chini ya huyo mtu."

Mzee Heche alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Tarehe kumi na nne," alisoma. "Mwezi wa tatu. Mwaka... elfu mbili sitini na moja." Alirudia kusoma, kisha akanyooka taratibu. "Elfu mbili sitini na moja! Jamani, mwaka huo mimi nitakuwa nimeshasahaulika, na huyu Zablon atakuwa na kipara!"

Watu walicheka sana, Zablon akajishika kichwa. Mzee Heche peke yake ndiye aliyeacha kucheka mapema.

"Namba hizi zilikuwepo Jumamosi," alisema. "Hatukuziona. Sote tulikuwa tunamtazama Rhobi mdomoni."

Mama Emanuel alikuwa ameshasimama. Hakungoja kipindi kiishe. Alimshika Rhobi mkono, wakapanda kilima pamoja, mama mbele, kanga ikipepea, mtoto nyuma akihema. Simu ya kwanza haikupatikana. Ya pili haikupatikana. Walizunguka kilele kizima wakiinyanyua simu juu, na Rhobi alimkumbuka yule mwanamke wa Mirihi na dakika zake ishirini. Alihisi zile dakika zilivyo ndefu.

Mara ya tano Emanuel alipokea. "Mama! Unaendeleaje? Begi liko tayari. Nataka nikamuage meneja sasa hivi."

"Usiende!" Mama Emanuel alipaza sauti. "Kaa kazini, mwanangu. Hakuna kinachoanguka huko."

"Kuanguka nini tena? Mama, mbona una sauti ya mtu mzima wa afya? Si ulisema huwezi kuinuka kitandani?"

Mama Emanuel alimtazama Rhobi, na Rhobi akamtazama yeye. Ikawa zamu ya mtu mzima kuona aibu.

"Nilikudanganya," alisema kwa sauti ndogo. "Nilihofia usalama wako. Nisamehe, baba."

Kisha akampa Rhobi simu. Rhobi alieleza kila kitu toka mwanzo, na kuomba radhi. Emanuel akaguna. "Mdogo wangu, ungechelewa dakika kumi, ningekuwa nimeshaaga na kazi imekwenda. Haya, yameisha. Mwambie mama anipigie akiwa mzima, sio akiwa mgonjwa tu." Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, Rhobi alicheka.

Walipokuwa wanashuka walimkuta Mwalimu Honoratha akiwangoja chini ya kilima. Alitaka kujua kama Emanuel amepatikana. Aliposikia kwamba amepatikana, alipumua kwa nguvu.

"Na mimi nilikosea," alimwambia Rhobi. "Nilikuachia kiti bila kukuambia kwamba kina uzito. Anayewaambia watu mambo wasiyoweza kuyasikia wenyewe amewekewa imani. Ukiongeza hata neno moja la kwako, watu watalibeba wasijue ni lako. Wengine watahamisha ng'ombe, wengine wataacha kazi."

"Nilidhani nikisema sijaelewa, watanidharau."

"Njoo Jumamosi," Mwalimu alisema. "Tutaona."

Jumamosi ile Rhobi alienda kwa miguu mizito. Kiti kilikuwa kinamngoja. Mwalimu alikuwepo, lakini alikuwa anamenya ndizi jikoni, na ilionekana wazi hakuwa na haraka. Watu wa Mirihi walianza mazungumzo yao, Rhobi akatafsiri. Pampu ilikuwa imeharibika tena, Mzee Heche akafurahi. Ndipo fundi wao akamwaga maneno mengi magumu kwa pumzi moja.

Macho yote yakamgeukia Rhobi. Zablon naye alimtazama, ila safari hii hakunong'ona.

"Hapo sijaelewa," Rhobi alisema.

Hakuna aliyecheka. Kutoka jikoni Mwalimu aliitikia, "Anasema bomba limezibwa na mchanga!" na kipindi kikaendelea.

Mzee Heche alijiegemeza kwenye kiti chake, akamwinamia Mama Emanuel aliyekuwa ameketi jirani. Alidhani ananong'ona, lakini watu wenye ng'ombe wengi hawajui kunong'ona, na sebule nzima ilimsikia.

"Sikiliza, mama. Mtoto akikuambia 'hapo sijaelewa', basi kule kwingine kote alikosema ameelewa, unaweza kumwamini."

Rhobi alisikia pia. Akajiweka sawa kitini, akaitazama televisheni, na kuendelea kutafsiri.