Dhoruba ya Jua na Mabati ya Fundi

Mimi si mwoga. Nimewahi kumuua nyoka kwa ufagio, mtaa mzima unajua. Alikuwa amekwisha kufa, lakini hilo hakuna aliyeniuliza.

Naishi na mwanangu, fundi wa kuchomelea mageti, na mkewe mwenye mimba ya miezi minane. Kila asubuhi mkwe wangu huchemsha chai, mwanangu huwasha mashine, nami huwakosoa wote wawili.

Asubuhi moja redio ilitangaza dhoruba ya jua. Itafika leo, itapita baada ya siku mbili. Mwanangu aliizima kabla mtangazaji hajamaliza. Akaleta mabati ya karakana, akaanza kuyagongelea madirishani na mlangoni.

"Hakuna kutoka," alisema. "Jua litachoma watu."

"Leo ni siku yangu ya kliniki," mkwe wangu alisema. "Kichwa kinaniuma tangu jana. Macho yanaona ukungu."

"Utakwenda keshokutwa. Sitaki mke wa kuchoma."

Nilitazama miguu ya mkwe wangu. Ilikuwa imevimba mpaka kandambili haziingii. Nilitaka kumtetea, lakini nami nilikuwa nimejifunika blanketi gubigubi.

Kelele za nyundo zilimleta jirani yetu, mpima ardhi, na chombo chake begani.

"Jamani, mnajenga jela?"

"Tunajikinga na dhoruba ya jua," mwanangu alisema. "Wewe huogopi?"

"Mimi imeniharibia kazi." Aligonga chombo chake. "Hiki kinapokea mawimbi ya setelaiti, kinaniambia nimesimama wapi. Leo kimesema nimo ndani ya choo cha jirani. Nimeahirisha kupima."

"Kumbe ni kweli!"

"Ni kweli, lakini sikiliza mpaka mwisho. Jua hulipuka mara kwa mara. Hurusha chembe zenye umeme. Zikifika huku zinaweza kuvuruga setelaiti, redio za masafa marefu, hata nyaya kubwa za umeme. Lakini dunia ina nguvu ya sumaku, inazisukuma nyingi kando. Hewa iliyo juu yetu inazuia zilizobaki. Sisi tulio chini hazituunguzi."

"Hata mjamzito?"

"Hata mtoto aliye tumboni. Chaji simu, weka tochi karibu, umeme usije ukakatika. Basi."

"Na hili joto la humu ndani?" niliuliza nikiwa ndani ya blanketi.

"Hilo ni la mabati, mama. Na la blanketi."

Kisha akamwona mkwe wangu amejishika kichwa, akamwuliza kulikoni, naye akamweleza. Akaacha utani.

"Shemeji, kichwa, macho, na miguu imevimba? Hapo ndipo pa kuogopa. Kliniki, sasa hivi!"

Mwanangu aligeuza nyundo upande wa kung'olea misumari. Halafu akalibandua bati la mlangoni.

"Mama, mpeleke," alisema. "Mimi nina geti la mteja."

Nesi alimpima mkwe wangu. Presha ilikuwa juu sana. Akamlaza, akampa dawa. Kisha tukasikiliza moyo wa mtoto. Ulikuwa unadunda mbio kama cherehani.

"Mngengoja siku mbili zaidi," nesi alisema, "ningewapa habari nyingine."

Nilikaa sakafuni, nikacheka na kulia kwa pamoja. Mkwe wangu akaniambia, "Mama, inuka, utalazwa wewe."

Alilazwa siku tatu. Mwanangu alikuja kumwona kila siku, jua likishazama. Presha iliposhuka, tuliruhusiwa kurudi nyumbani, kwa sharti la kwenda kupimwa mara kwa mara.

Tulikuta madirisha yako wazi, upepo unapita. Karakanani, kando ya tangi kubwa la bati la kuwekea maji, mwanangu alikuwa anamsimulia mteja wake.

"Mimi niogope dhoruba ya jua? Siku ile nilisimama hapa nje tangu asubuhi mpaka jioni, nachomelea geti lako!"

Mteja akakuna kidevu.

"Siku ile nilipita hapa mchana, fundi. Nikabisha hodi. Sauti yako ikanijibu kutoka ndani ya lile tangi la bati: 'Fundi hayupo!'"