Vipimo vya Kitanda cha Saba

Saa saba na robo mchana, Sista Wunpini alikuta karatasi ya vipimo ya kitanda cha saba imeshajazwa mpaka saa kumi. Mwandiko ulikuwa wake, na yeye hakuwa ameigusa tangu asubuhi.

"Nani ameandika hapa?"

Azara, aliyezalishwa kwa kupasuliwa alfajiri, alifumbua macho kwa shida. "Yule mama anayenuka mafuta ya shea. Amenishika mkono, anahesabu. Vidole baridi, sista. Mngempa hata uji."

Wunpini hakucheka. Wiki mbili nyuma kitanda hicho kilikuwa cha Rahinatu, naye amepasuliwa, aliyejipaka shea mpaka mashuka yakanuka. Siku ile wauguzi walikuwa wawili kwa wagonjwa thelathini na wanane. Wunpini alimwandikia presha ya saa nane, ya tisa na ya kumi kwa mkupuo mmoja bila kumpima, zote nzuri, akakimbilia wengine. Saa tisa kasorobo Rahinatu akakata roho, damu imemvujia tumboni. Kwenye karatasi, saa kumi alikuwa mzima.

Sasa harufu ya shea ikaja, kwanza kidogo kama ya mtu anayepita mlangoni, kisha nzito, ikamjaa puani na kooni, na kabla hajarudi nyuma vidole asivyoviona vikamkamata mkono, vikauvuta polepole juu ya shuka, vikaubandika kwenye kifundo cha mkono cha Azara, ambapo mapigo yalikuwa yanakimbia kama ya kuku aliyeshikwa.

Mia moja arobaini. Karatasi ilisema themanini.

"Mwite daktari," alimnong'oneza muuguzi mwenzake. "Anavuja damu kwa ndani."

Azara alirudishwa chumba cha upasuaji, akatoka hai.

Kesho yake, saa nane u nusu, alikuja Napari, mtafiti aliyekusanya karatasi zile ili ijulikane kwa nini watu wanapasuliwa salama halafu wanafia wodini.

"Dada yangu, ya Rahinatu inanisumbua. Kafa saa tisa, kapimwa saa kumi?"

"Saa ya ukutani ilikuwa mbele."

"Nikiandika alipimwa, wakubwa watasema kupima hakusaidii, wauguzi zaidi wa nini. Watakufa wengine hivihivi." Akashusha sauti. "Niambie tu. Ulimpima?"

Wunpini aliwaza barua ya kufukuzwa, na watoto watatu nyumbani.

"Nilimpima."

Napari akaandika, akaondoka.

Harufu ilimfikia akiwa bado amekaa. Mezani palikuwa na karatasi mpya yenye jina lake, Wunpini, na vipimo vya saa nane, saa tisa, saa kumi, vyote vizuri, kwa mwandiko wake mwenyewe. Alitazama ukutani. Saa tisa kasorobo.

Vidole vya baridi vikamshika kifundo cha mkono, vikatulia hapo. Safari hii havikuhesabu.