Kalamu ya Mpini wa Usinga

Mke wangu Minza alikuwa wodi ya wazazi tangu asubuhi, uchungu unakuja na kukatika. Roho yangu ilikuwa juu juu. Mama mkwe, Nyanjige, alichoka kuniona nikizunguka kwenye korido, akanituma kwenye karakana yangu ya kukereza kalamu za mbao nikalete chaja ya simu. Mwanaume hospitalini, alisema, ni mgonjwa wa pili.

Jua lilikuwa limeshazama Bariadi nilipofika. Mlangoni amekaa mama mmoja nisiyemjua, amejitanda kaniki hadi kwenye paji la uso.

"Mwadila, fundi."

Nikaitikia salamu yake ya Kisukuma. Akatoa kipande cha mti kilichosuguliwa na mikono hadi kikawa cheusi, kimezungushiwa waya wa shaba. Mpini wa usinga. Ulikuwa wa kaka yake, mganga wa Migato aliyeogopwa na wazee wote wa huku, aliyefariki masika. Alitaka niukereze uwe kalamu ya mrithi wake. Nikamwambia aje kesho, mke wangu anajifungua.

"Najua," alisema taratibu. "Ndiyo maana nimekuja leo."

Hapo ndipo nilipopaswa kufunga mlango. Nilijidanganya kwamba kazi ingenituliza.

Niliutoboa, nikapachika mrija wa shaba ndani, nikaufunga kwenye mashine ya kukereza. Patasi ilipogusa, harufu iliyotoka haikuwa ya mbao. Ilikuwa ya ugoro... na zizi lililonyeshewa.

Umeme ukakatika. Mtaa mzima, giza.

Mashine haikusimama.

Iliendelea kuzunguka, grrr... grrr... na ule mti ukapata joto kama mkono wa mwenye homa. Niliogopa, tena sana, lakini mikono yangu ilifanya kazi bila kuniuliza. Mashine iliposimama yenyewe, nikawasha tochi ya simu, nikapachika wino na ncha ya chuma.

"Ijaribu," alinong'ona.

Hakuna fundi anayetoa kalamu bila kuijaribu. Huwa naandika chochote kilicho kichwani, na jioni ile kichwani kulikuwa na jina moja tu: Josia, tulilomchagulia mtoto. Nikaandika kwenye kipande cha boksi.

Nikamulika. Nilikuwa nimeandika... Ndalahwa.

"Ndiye yeye, kaka yangu," alisema yule mama. "Kwetu vijana wote wamekataa kumrithi."

Akaondoka. Kalamu akaniachia mkononi.

Nilikimbia hadi wodini. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kiume, lakini analia mfululizo na ziwa hataki. Muuguzi alijaribu kila njia, akaenda kumwita daktari. Nyanjige akasema mtoto analilia jina. Akamtajia majina ya ukoo wao wa Shishiyu, moja baada ya jingine. Nami nikataja ya kwetu Bukoba, na Josia pia. Akazidi kulia. Kisha sauti ikaanza kukauka... midomo ikageuka rangi.

Jina nililijua. Mungu anisamehe, nililijua tangu nilipoingia.

Nikainama sikioni mwake.

"Ndalahwa."

Kimya.

Akalishika ziwa, akanyonya kwa nguvu. Minza akacheka kwa uchovu, machozi yanamtoka, akaniuliza huyo Ndalahwa ni nani kwetu.

Nikageuka kumtazama mama mkwe, labda angeniokoa.

Nyanjige alikuwa amepiga magoti sakafuni, anamwamkia mjukuu wake shikamoo.